Jozi ya Sita

Gazeti la kinyozi, hapa mtaani kwetu Budapest,
linasema mwanamume kamili huwa na jozi tano.
Nililisoma nikingoja zamu, nikacheka.
Kinyozi akauliza, "Kelemen, umeona nini?"
Nimeona mtu anayehesabu viatu
bila kuhesabu miguu.

Lakini Gyöngyvér alikuja na tano hasa,
asubuhi ya Februari, theluji ikiwa imegeuka tope,
ndani ya gunia la viazi.
Akazimwaga mezani pangu, kati ya msharasi na gundi.
"Vendel amefariki Jumanne," akasema.
"Nichagulie viatu vya kumzikia."

Miaka arobaini na mitatu nimeshika viatu vya watu.
Soli haijui kusitiri.
Nikavigeuza chali, kimoja kimoja.

Vyeusi vya kamba, visivyo na urembo:
vya harusi, vya misiba, na siku ile ya benki.
Ngozi bado inalia ukiikunja.
Kwenye visigino, udongo wa makaburi ya wengine.

Vya kahawia, vyenye vitundu vitundu usoni kama biskuti,
vya Jumapili.
Cha kulia kimeliwa ukingo wa nje.
"Ulikuwa ukitembea kuliani kwake," nikasema.
Akatikisa kichwa: ndiyo.

Buti: chumvi ya barabarani imezichora ramani nyeupe,
na kamba moja si yake, ni uzi wa kufungia vifurushi.

Moka za kazini: ya kulia imetoboka chini ya dole gumba,
hapo hapo, mahali pa breki ya tramu,
miaka ishirini na sita, njia moja, vituo vile vile.

Na raba, alizonunuliwa na binti yake
ili apunguze tumbo.
Hizo mpya. Tumbo lilishinda.

Gyöngyvér akacheka,
kisha akauziba mdomo kama mtu aliyeiba.

Nami nilikuwa na neno linanibana
kuliko kiatu cha siku ya kwanza.
Nyuma yangu, rafuni, ndani ya karatasi ya kaki,
ilikuwapo jozi ya sita.

Vendel aliiagiza Oktoba. Alilipa nusu.
Ngozi ya ndama, nyepesi kama ganda la kitunguu,
soli laini, ya kuteleza:
viatu vya dansi.
"Usimwambie," alisema. "Miguu yangu ni magogo.
Kila Alhamisi ninajifunza.
Mei tunatimiza arobaini."

Siri ya maiti ni ya nani?
Nilisimama na brashi mkononi, sisugui kitu.
Kisha nikakishusha kile kifurushi.

Hakulia. Alitia mkono wa kushoto ndani ya kiatu cha kushoto,
mpaka kwenye kifundo,
akapapasa vidole visivyokuwamo.
"Alhamisi," akasema. "Nilidhani yuko kilabuni.
Nilimnunia miezi minne."

Na baadaye: "Bado unadai kiasi gani?"
Nikasema hakuna deni.
"Kelemen. Kiasi gani?"
Akahesabu noti, akahesabu sarafu, hadi ya mwisho.
Hakutaka azikwe na deni miguuni.

Akaondoka na vya dansi kwapani.
Jozi zile tano aliniachia:
"Mpe yeyote zitakayemtosha."

Walimzika Ijumaa. Sikwenda, duka halina mtu wa kuliangalia.
Buti nimempa kijana anayekoleza theluji mtaani;
zinampwaya, amezishindilia gazeti,
huenda lile lile la kinyozi.
Vyeusi bado havijapata mwenyewe.

Na kalibu za Vendel zingali zinaning'inia ukutani,
mti mgumu, jina lake kwa penseli,
ya kushoto ndefu kwa nusu ukucha.
Baridi ya mwaka huu kuni ni ghali.
Sijazitia motoni.